Umeshinda! Tuma kwanza 45,000

Nimepotea kidogo, ni test mfululizo, mnajua wenyewe. Leo sina stori ya foleni ya kantini. Jamaa ninayekaa naye rumu moja kaliwa.

Boom limeingia Jumanne. Jumatano asubuhi simu: hongera kaka, namba yako imeshinda milioni 5, tuma 45,000 ya kufungulia zawadi, na usimwambie mtu mpaka hela ifike. Katuma. Wakapiga tena, sasa ni kodi, 60,000. Katuma! Ilipofika ya tatu ndipo akaniambia, tena si kuomba ushauri, anataka nimkopeshe.

Watu wa korido wamemcheka sana. Mimi kwa vile nasoma historia nikaenda kuchimba, na kwa kweli kicheko kimepungua.

Mchezo huu ni mzee kuliko simu. Ufaransa kulikuwa na Vidocq, mhalifu aliyegeuka kuwa mkuu wa wapelelezi wa Paris. Katika miaka ya 1830 alieleza jinsi wafungwa wa Bicêtre walivyoandika barua kwa matajiri wa mikoani. Mwandishi anajifanya mtumishi wa bwana mkubwa aliyekimbia Mapinduzi. Kuna kisanduku cha dhahabu kimefichwa, zinatakiwa pesa kidogo tu kukipata. Vidocq anasema katika barua 100, 20 zilijibiwa. Ishirini! Na hao walikuwa watu wenye mashamba yao, si wanafunzi wenye njaa.

Baadaye ikaja barua ya "mfungwa wa Hispania". Mwaka 1898 gazeti la New York Times liliuita utapeli wa zamani uliofufuka. Miaka ya 1980 zikavuma barua za Nigeria, zikaitwa 419 kwa kifungu cha sheria ya jinai ya nchi ile. Intaneti ilipoenea, hazina ikageuka kuwa bahati nasibu: barua pepe zikadai umeshinda El Gordo. El Gordo yenyewe ni ya kweli, zawadi kubwa ya bahati nasibu ya Krismasi ya Hispania iliyoanza 1812. Ila aliyeshinda alinunua tiketi. Jamaa yangu hakununua chochote, na hilo peke yake lilitosha. Halafu kodi ya zawadi hukatwa kwenye zawadi yenyewe, nani anailipa kabla?

Mtaniambia, mbona meseji zao zimejaa makosa, nani anaziamini? Mtafiti wa Microsoft, Cormac Herley, aliandika mwaka 2012 kwamba ubovu huo unawafaa matapeli. Mwenye mashaka anafuta mapema, wanabaki wale watakaofika mpaka kulipa. Ni chekecheke.

Ninavyoona mimi, kilichobadilika ni gharama tu. Barua ya posta ilikula karatasi, wino na muda, kwa hiyo ililenga tajiri. Barua pepe ikawa karibu bure, lakini 45,000 ya mtu wa huku ungeipokeaje kutoka mbali? Kisha M-Pesa ikaanza Kenya 2007, Tanzania 2008, na hela ndogo ikaanza kusafiri kwa sekunde. Kitu kizuri, mama ananitumia nauli kwayo. Ila ndiyo siku mwanafunzi mwenye boom alipoanza kuwa na thamani kwa tapeli. Hata gereza limerudi kwenye hadithi: Kamiti, Nairobi, wafungwa wamewahi kukutwa na simu zinazofanya kazi hii hii. Vidocq asingeshangaa.

Jamaa ameripoti kwa mtandao wake na polisi. 105,000 imekwenda, na mwezi ndio kwanza unaanza, kwa hiyo tunapika pamoja.

Jana usiku amepata meseji kwa namba nyingine. Ati ni ofisi ya kurejesha fedha za waliotapeliwa, tapeli wake amekamatwa, atume 20,000 ya kufungua faili. Akanigeukia: "Oya, hawa wamejuaje kama nimeibiwa?"

Nimemwachia ajijibu. Simu yake ninayo mimi mpaka asubuhi.