Kwenda Korongoni, Kurudi Mgongoni

Guku hakuniomba samaki. Aliniomba nikaangalie kama njia bado ipo.

Nilikuwa nimefika Geita kutoka chuoni Dar es Salaam, nikiwa na tasnifu ya shahada ya uzamili na sura moja iliyokwama. Sura hiyo inahusu njia za misafara kati ya Unyamwezi na Ziwa Viktoria. Vyanzo vyangu vyote vilikuwa shajara za wageni. Guku, baba yake mama, anakaribia miaka 85 na magoti yamemgomea. Ujanani alibeba magogo ya kuzuia mahandaki yasiporomoke katika mgodi wa zamani wa Geita, ule uliofanya kazi kuanzia 1936 hadi 1966. Jumamosi akishapokea malipo aliteremka hadi ghuba ya Nungwe, akalala huko, na Jumapili akarudi na tenga la sato na ningu la kuuza kambini. Maelekezo aliyonipa yalikuwa mafupi: "Kwenda korongoni, kurudi mgongoni."

Mimi na mjomba tulianza saa kumi na mbili asubuhi, kutoka kijiji kilichoko juu ya mgongo wa kilima, tukitembea kipande cha mwisho tu cha njia yake. Mwanzoni korongo lilikuwa kama alivyosema: mchanga laini chini, mawe makubwa pembeni, mikuyu iliyoinamia katikati. Kulikuwa na kivuli, na ukifukua mchanga kidogo kwa mkono, maji yanachuruzika. Nilielewa kwa nini mtu mwenye tenga tupu na kiu angepita hapa.

Baada ya saa moja tukasikia karasha. Korongo lilipopanuka tulikuta maduara ya wachimbaji wadogo, mengine yamefunikwa kwa turubai, mengine yameachwa wazi. Mjomba aliwasalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," nao wakaitikia. Kijana mmoja aliyejaa vumbi hadi kwenye kope akanizuia kwa mkono.

"Dada, hapo usikanyage. Chini ni pango."

Njia ya Guku ilikuwa chini ya kifusi. Wajerumani walikuwa wameshaandika habari za dhahabu ya Geita katika miaka ya 1890, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza uzalishaji mwaka 2000, lakini aliyeifukia njia hii ni kijana wa umri wangu anayetafuta ada ya mdogo wake. Alitueleza hivyo bila kuulizwa. Kisha akatuonyesha pa kupandia: kijia chembamba cha wachimbaji kinacholizunguka eneo la maduara na kurudi korongoni mbele zaidi.

Ziwa lilijitokeza ghafla kwenye mdomo wa korongo. Ng'ambo haionekani. Mtu wa pwani angeapa kwamba ni bahari mpaka ayaonje maji. Nilikaa juu ya jiwe nikamfikiria mgeni mmoja aliyemo katika kila ukurasa wa sura yangu.

Tarehe 9 Julai 1858, John Hanning Speke aliondoka Kazeh, Tabora ya leo, akimwacha mwenzake Richard Burton. Macho yalikuwa yakimsumbua. Alipita Msalala, ambayo leo iko Kahama, akaendelea kaskazini ndani ya Usukuma, mashariki ya hapa nilipokaa, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza. Tarehe 3 Agosti alipanda kilima karibu na Mwanza ya leo akaliona ziwa. Tarehe 25 Agosti alikuwa ameshafika tena Kazeh. Mzunguko mzima ulimchukua siku 47, na vitabu vingi vikauita ugunduzi.

Lakini habari za ziwa hilo alipewa Kazeh na Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu, kabla hajapiga hatua. Mizigo ilibebwa na wapagazi waliojua wapi pana maji na wapi pana chakula. Kati yake na wenyeji alisimama Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa hadi India, kisha akarudi Zanzibar akiwa huru. Speke na Bombay walizungumza Kihindustani, na Bombay akayageuza maneno kuwa Kiswahili. Mwaka 1876 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha Uingereza kilimtunuku Bombay nishani ya fedha. Wapagazi hawakupata kitu kama hicho.

Karibu na ziwa Speke alikutana na korongo, naye akalipa jina: Jordans Nullah. Jordans ni nyumba ya kwao Uingereza. Nullah ni Kihindustani, maana yake korongo. Kwa hiyo bonde la Wasukuma likaingia kwenye ramani kwa jina la nyumba ya mbali na neno la India, na wakazi wake hawakulihitaji hata moja. Leo ukiuliza huko Jordans iko wapi, utaonyeshwa nani?

Tulikula samaki wa kukaanga mwaloni, tukaanza kurudi kwa mgongo wa kilima. Jua lilikuwa kali, upepo wa ziwa ukitusukuma. Nilimuuliza mjomba kwa nini mtu mwenye tenga zito aache kivuli cha korongo.

"Viboko," akasema. "Zamani walikuwa wakipanda korongoni kula majani jioni ikiingia. Hujawahi kumuuliza?"

Sikuwa nimewahi. Nilikuwa nimesoma juu ya misafara kwa miaka miwili bila kumuuliza mtu aliyebeba mzigo kwa nini alikata kona pale alipokata.

Jioni nilimkuta Guku amekaa nje. Nilipiga goti nikamsalimia, kisha nikamwambia ukweli kwamba njia imefukiwa kati, na kwamba watu wanaizunguka kwa juu. Alinyamaza muda mrefu hata nikajuta kusema. Halafu akanipa fimbo yake.

"Chora."

Nilichora mavumbini: korongo, maduara, kijia cha wachimbaji, mwalo, mgongo. Alitazama, akainyoosha kona moja kwa kidole cha mguu, akauliza kijia kipya kinarudi korongoni kabla ya mkuyu mkubwa au baada yake. Nikasema baada.

"Basi hao vijana wana akili," alisema. "Kabla ya mkuyu pana utelezi."

Niliupiga picha mchoro ule kabla kuku hawajaupitia. Ndiyo ramani ya kwanza katika sura yangu. Chini yake nimeandika jina la Guku, mwaka aliokuwa mpagazi, na sababu ya kila kona.