Hewa ya Kichakani na Hewa ya Maabara

Mtu akiingia siku hizi katika maabara ya kufugia wadudu, yamkini ataona ukutani kidude cha plastiki kisicho na waya. Ndani yake mna utando mwembamba unywao mvuke wa hewa. Mvuke ukizidi, uwezo wake wa kuweka umeme hubadilika, na badiliko hilo hugeuzwa tarakimu na kurushwa kwa mawimbi ya redio hadi chombo kimoja cha kupokelea. Wazee wetu walioliita jambo hili simu ya upepo hawakukosea sana. Lakini swali lenyewe, yaani hewa ina joto gani na unyevu kiasi gani, lilikwisha kuulizwa Shinyanga karibu miaka mia iliyopita, na jibu lake lilikatiwa miti mingi.

Shinyanga ya Kale ndiko alikofanyia kazi C.F.M. Swynnerton, ambaye mwaka 1929 alikuwa mkurugenzi wa kwanza wa Idara ya Utafiti wa Mbung'o. Mbung'o, ambao bara wengi huwaita ndorobo, huwaambukiza watu malale na ng'ombe nagana. Wasukuma hawakuhitaji mtaalamu wa kuwaambia kwamba pori likisogea, zizi hupungua. Katika miaka ya 1920 watu kwa maelfu, chini ya watemi wao, walitoka na mashoka kufyeka.

Kwa nini kufyeka kumwue mdudu aliye na mbawa? Hapo ndipo kipimo kilipohitajika. Mbung'o jike hatagi mayai. Huzaa buu mmoja mmoja, naye hujifukia katika udongo laini penye kivuli, akawa bundo kwa muda wa mwezi hivi. Bundo hali wala hahami. Joto likizidi au unyevu ukipotea, hana pa kukimbilia. Chombo cha kulijua hilo kilikuwa vipimajoto viwili, kimoja kimevikwa kitambaa chenye maji: kadiri hewa ilivyo kavu, ndivyo hicho cha pili kinavyoshuka zaidi. Taabu yake ni kwamba hakisemi mpaka mtu aende kukisoma, na saa tisa usiku ni nani aendaye kichakani?

Taabu hiyo ndiyo iliyoondolewa na vipimo visivyo na nyaya. Faida yake huonekana hasa pale mdudu anapofugwa kwa makusudi, kama ilivyokuwa Tanga, walikolelewa mbung'o ambao madume yao yalifanywa tasa kwa mionzi. Kati ya 1994 na 1997 madume zaidi ya milioni 8 yalimwagwa kwa ndege juu ya Unguja, na mbung'o wakatoweka kisiwani. Katika kazi ya namna hiyo, usiku mmoja wa hewa kavu waweza kuharibu kizazi.

Hata hivyo kidude hakina akili ya kuchagua mahali. Kikitundikwa karibu na mlango, kitapima mlango. Kikiwekwa juu ya taa, kitapima taa. Hapana budi kikae kwenye rafu ile ile ya wadudu. Wala kisisadikiwe kabla ya kujaribiwa: kifungwe ndani ya kopo pamoja na chumvi ya mezani iliyoloweshwa ikawa uji mzito, nacho baada ya saa nyingi kisome asilimia 75 au karibu yake. Mimi hupenda jaribio hili kwa sababu halina gharama.

Swynnerton alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1938. Kufyeka hakukukoma, baada ya vita, mpango wa maendeleo wa Usukuma ulioanza 1947 ulifungua mapori ya Geita, na watu wakahamia na ng'ombe wao. Mbung'o walirudi nyuma kweli. Lakini vipimo vilikuwa vimeulizwa habari za mdudu tu; habari za kuni, za mvua na za udongo hazikuulizwa. Kufikia 1986 Shinyanga ilikuwa tupu kiasi kwamba serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi, HASHI, na desturi ya Wasukuma ya ngitili ikafufuliwa. Sehemu ya malisho hufungwa mvua zinapoanza, miti ikaachwa iote, nayo hufunguliwa kiangazi kwa ajili ya ndama na ng'ombe wadhaifu.