Laini, waya, wingu: historia ya nakala za simu

Oktoba 10, 2009, wateja wa T-Mobile nchini Marekani waliokuwa wakitumia simu za Sidekick walipewa onyo lisilo la kawaida: msizime simu, msitoe betri, wala msiache chaji ikaisha. Seva zilizotunza majina, picha na kalenda zao zilikuwa zimeharibika. Aliyekuwa bado anayaona majina yake kwenye kioo huenda alishika nakala pekee iliyosalia.

Sidekick ilikuwa kazi ya Danger, kampuni ya California ambayo mmoja wa waasisi wake ni Andy Rubin, aliyekuja baadaye kuanzisha Android. Ilipoingia sokoni mwaka 2002 ilikuwa na wazo lililowatangulia wengi: kila kitu kikae kwenye seva za kampuni. Simu ikiibiwa, mwenyewe ananunua nyingine, anaingiza nywila, na vitu vyake vinarudi. Lakini simu ikizimwa na kuwashwa, ilivuta upya data kutoka kwenye seva. Na sasa kule hakukuwa na cha kuvuta. Microsoft, iliyoinunua Danger mwaka 2008, ilieleza kwamba hitilafu ilipiga hifadhi kuu pamoja na nakala yake ya akiba. Siku tano baada ya onyo lile, ilitangaza kuwa imeokoa sehemu kubwa ya data, kama si yote.

Kabla ya hapo nakala zilikaa karibu zaidi na mwenye simu. Mwaka 1991, kampuni ya Giesecke & Devrient ya Munich iliuza kadi 300 za kwanza za simu kwa Radiolinja, mtandao wa Finland. Kadi hiyo, ambayo Afrika Mashariki tunaiita laini, iliweza kubeba namba na majina mafupi. Picha hazikuwa na nafasi humo. Hata hivyo ilitosha kuzaa swali ambalo kila fundi wa simu amewahi kumuuliza mteja: umesevu kwenye simu au kwenye laini?

Jibu lilikuwa na uzito mkubwa siku simu feki zilipofungiwa, Kenya mwishoni mwa Septemba 2012 na Tanzania Juni 2016. Jina lililoseviwa kwenye laini lilihamia simu mpya pamoja na laini yenyewe. Lililokuwa kwenye kumbukumbu ya simu lilibidi linakiliwe kwanza. Na laini ikipotea, mambo yaligeuka: aliye-renew alikuta salio lake la M-Pesa liko palepale, kwa kuwa fedha hizo huandikwa kwenye mitambo ya kampuni, huku kadi mpya ikiwa haina jina hata moja.

Wakati huohuo kompyuta nayo ilikuwa imeshaingia kazini. PalmPilot za miaka ya 1990, kompyuta ndogo za kiganjani, zilipoteza kila kitu betri zikifa kabisa, kwa hiyo ziliuzwa na kitako chenye kitufe kimoja: unaiweka, unabonyeza, nakala inaingia kwenye kompyuta ya mezani. Wenye Nokia walipata PC Suite. iPhone ya mwaka 2007 nayo ilitegemea waya na iTunes. Asiye na kompyuta hakuwa na pa kuweka nakala kama hiyo.

Waya ulikatwa Oktoba 12, 2011, Apple ilipozindua iCloud na kumpa kila mteja gigabaiti 5 za bure. Nakala ilijitengeneza yenyewe, mradi simu iwe imefungwa kioo, iko kwenye chaji na imeshika Wi-Fi. Sharti hilo la mwisho lilikuwa gumu kwa mtu anayeishi kwa bando: simu yake iliweza kukaa miezi bila kulitimiza. Upande wa Android, toleo la 6.0 la mwaka 2015 lilianza kuhifadhi data za programu bila kumsubiri mwenye simu, kwa kikomo cha megabaiti 25 kwa kila programu.

WhatsApp kwenye Android ilikuwa ikitengeneza nakala usiku, saa nane, ndani ya simu ileile. Mwizi aliondoka na vyote viwili. Oktoba 2015 ikaanza kuzipeleka Google Drive.

Huko mbali kulikuwa na macho mengine. Baada ya shambulio la San Bernardino, California, Desemba 2015, FBI ilipata kutoka Apple nakala za iCloud za simu ya mshambuliaji, za mwisho zikiwa za Oktoba 19. Simu yenyewe ilikuwa imefungwa, na kesi ya kutaka Apple isaidie kuifungua ikatikisa dunia. Mwaka 2021 WhatsApp ikaruhusu nakala zifungwe kwa nywila au ufunguo wa tarakimu 64. Ukivipoteza, hata WhatsApp yenyewe haiwezi kukufungulia.

Mwaka 2024 nakala za WhatsApp za Android, ambazo kwa miaka kadhaa zilihifadhiwa Google bila kuhesabiwa, zilianza kula gigabaiti 15 zilezile za Gmail na picha. Akaunti ikijaa, nakala mpya haiingii hadi mwenyewe afute kitu au alipie nafasi zaidi.