Sodo, Pedi na Neno "Msamaha"

Kamusi inasema sodo. Bungeni Dodoma wanasema taulo za kike. Dukani msichana anasema pedi, tena kwa sauti ya chini, na muuzaji anaizungushia gazeti kabla ya kumkabidhi. Sodo ni neno la zamani, la enzi za kitambaa. Magazeti ya Kenya yamelifufua na kulipa wingi, visodo. Taulo, kwangu mimi, ni la kujifutia maji baada ya kuoga.

Hedhi yenyewe tumeisitiri kwa mafumbo: yumo mwezini, yuko kwenye siku zake, kavunja ungo. Sina ugomvi nayo. Kungwi aliyatumia hayohayo na mwari akaelewa kila kitu, na kitambaa kilichanwa kwenye kanga kuukuu, hakikununuliwa. Pedi hununuliwa kila mwezi, kwa hiyo maneno ya kuchunguza siku hizi ni ya wahasibu.

Chukua "msamaha". Mwaka 2018 Tanzania ilisamehe taulo za kike kodi ya ongezeko la thamani (VAT), asilimia 18. Mwaka 2019 kodi ikarudishwa, serikali ikieleza kwamba bei hazikushuka na walaji hawakunufaika. Lawama zikawaangukia wenye maduka. Huenda wengine walistahili, ila neno lenyewe nalo lina yake. Bidhaa iliyosamehewa haitozwi VAT inapouzwa, lakini kiwanda hakirudishiwi VAT ambayo kimekwisha kulipa kwenye vifungashio, umeme na malighafi. Gharama hiyo huingizwa kwenye bei kimyakimya. Bidhaa inayotozwa kwa "kiwango cha sifuri" nayo haimlipishi mnunuzi VAT, ila kiwanda hurudishiwa chake. Msikilizaji wa redio jioni ya bajeti husikia tu kwamba kodi imeondolewa, na kesho yake anashangaa pakiti ni bei ileile. (Halafu, kusamehewa kwani binti alikosa nini?)

Kenya, iliyofuta VAT hiyo tangu 2004, ilikwenda mbali zaidi. Sheria ya 2017 inaitaka serikali itoe sodo bure, za kutosha na zenye ubora, kwa kila msichana aliyebalehe na aliyeandikishwa katika shule ya umma. Watu walishangilia "bure". Mimi nimekwama kwenye "aliyeandikishwa". Binti wa miaka kumi na mitano aliyeacha shule akaenda mjini kufanya kazi za ndani hayumo katika sentensi hiyo.