Kutu ya vishimo

Kutu ya vishimo ni aina ya ulikaji ambapo metali huliwa kwenye nukta chache na kutobolewa kwenda chini, huku sehemu kubwa ya uso wake ikibaki nzima. Ni tofauti na kutu ya kuenea, ambayo hukila chuma kidogo kidogo kila mahali. Kutu ya kuenea inachukiza macho lakini inatabirika: ukuta wa bomba ukipungua sehemu ya kumi ya milimita kila mwaka, fundi anaweza kupiga hesabu ya umri uliobaki. Kishimo hakina hesabu hiyo. Bomba huweza kuvuja kabla halijapoteza hata asilimia moja ya uzito wake.

Mfano ulio karibu zaidi uko jikoni. Sufuria ya alumini inalindwa na utando wa oksidi wenye unene wa nanomita chache tu. Makande yakipikwa kwa magadi, utando huo huyeyuka sehemu zote kwa pamoja na sufuria hugeuka nyeusi. Huo ni ulikaji wa kuenea, na sufuria haitoboki upesi kwa sababu yake. Mchuzi wenye chumvi ukilazwa humo usiku kucha hufanya jambo jingine. Kloridi iliyomo kwenye chumvi huuvunja utando mahali padogo palipo dhaifu, na hapo ndipo kishimo huanza. Ndani yake oksijeni huisha, alumini huyeyuka, na ioni zake zikikutana na maji huacha asidi. Kloridi zaidi huvutwa kuingia ili kusawazisha chaji za umeme, na asidi huzidi ukali. Uso mpana ulio mzima huwa kathodi, na ile nukta huwa anodi, kwa hiyo eneo dogo hubeba mkondo wote unaodaiwa na eneo kubwa. Kishimo kikishakomaa hujilisha chenyewe.

Stenlesi huugua ugonjwa huohuo. Hujilinda kwa utando unaotokana na kromi, ambayo haipaswi kupungua chini ya asilimia 10.5 ya aloi. Daraja la 316 huongezewa molibdeni ya asilimia 2 hadi 3 ili kupambana na kloridi. Daraja la 304, linalotumika sana kwenye masinki, halina kinga hiyo.

Watu wengi huilaumu mvua kwa kuozesha mabati, na Milima ya Uluguru inatoa nafasi nzuri ya kulipima shutuma hilo. Miteremko ya mashariki, inayopokea pepo za Bahari ya Hindi, hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, ilhali mji wa Morogoro, ulio chini ya milima hiyo, hupata chini ya 1,000. Lakini mvua safi inayotiririka huosha vumbi na chumvi kwenye bati. Kinacholidhuru ni saa ambazo linakaa na unyevu: ukungu wa asubuhi, majani yaliyooza kwenye migongo ya bati, na hasa pale bati moja linapolalia jingine, ambapo maji huingia na upepo haufiki. Kuliwa huku kwenye mwanya ni ndugu wa kutu ya vishimo, kwa kuwa nako huanza mahali palipokosa oksijeni. Bati lenye gramu 100 za zinki kwa mita ya mraba, kwa pande zote mbili, lina tabaka la takriban maikromita 7 tu kila upande. Zinki ikipungua maikromita moja kwa mwaka, miaka 7 inatosha kukifikia chuma. Bagamoyo, penye chumvi ya bahari hewani, muda huo hufupika. Bondwa, kilele kimojawapo cha Uluguru, ni mbali na bahari, lakini minara ya mawasiliano iliyo kileleni hulowa kwa mawingu hata siku isiyo na mvua.

Maji nayo yana tabia zake. Vijito vinavyoshuka kwenye miamba ya gneisi kwa kawaida hubeba madini machache. Maji laini kama hayo ni mazuri kwa kufulia, ila hayaachi ukoko wa chokaa ambao ungelifunika bomba la chuma kwa ndani. Katika skimu za mserereko, kuanzia kwenye banio hadi kwenye vituo vya kuchotea, bomba la chuma huota mabonge ya kutu, na chini ya kila bonge huweza kufichika kishimo. Maji yakikatwa kisha yakarudi kwa kishindo, mabonge hayo hubanduka. Rangi ya chai inayotoka kwenye koki ni sehemu ya bomba lenyewe. Mabomba ya plastiki yameondoa tatizo hili mahali pengi, ingawa viungo na valvu za metali bado zimo.

Bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, nchini Zambia, lilikamilika mwaka 1968, na njia yake hupita mkoani Morogoro. Bomba refu la chuma chini ya ardhi hupita kwenye udongo wa kila namna: mchanga unaopitisha hewa, kisha tope la mfinyanzi lisilo na hewa. Tofauti hiyo peke yake huzalisha umeme, na chuma kilicho kwenye tope ndicho kinacholiwa. Kinga ya mabomba ya aina hii ni kuyavika ngozi isiyopitisha maji na kuyageuza kuwa kathodi, ama kwa mkondo wa umeme kutoka nje, ama kwa kuyaunganisha na vipande vya magnesi au zinki vinavyokubali kuliwa badala yake. Humphry Davy alilijaribu wazo hili mwaka 1824 ili kuhifadhi shaba iliyofunika matumbo ya merikebu za Uingereza. Shaba ilipona, lakini kwa kukosa sumu ya shaba iliyoyeyuka, viumbe vya baharini vikaota juu yake na kuzipunguzia merikebu mwendo.

Ili kuupima uharibifu, mkaguzi husafisha kutu, huingiza sindano ya mikromita kwenye vishimo kadhaa na kuandika kina cha kilicho kirefu kuliko vyote. Kina hicho hugawanywa kwa wastani wa metali iliyopotea kwenye uso mzima. Jibu likiwa 1, metali imeliwa sawasawa. Likipanda, wastani haumsaidii tena, naye hulinganisha unene wa ukuta na kile kishimo kimoja.