Mionzi Juu ya Ikweta: Hesabu na Bahati katika Safari za Mwezini

Wasafiri wa Kasese na Bwera wanapajua mahali karibu na Kikorongo ambapo ikweta hukata barabara. Wengi hupiga picha pale, wakaendelea na safari. Ni wachache wanaokumbuka kwamba juu sana ya ukanda huu wa dunia, kuanzia kiasi cha kilomita 1,000, kuna mikanda ya chembe zenye nishati kubwa zilizonaswa na usumaku wa dunia. Iligunduliwa na James Van Allen mwaka 1958, nayo ni minene zaidi karibu na ikweta ya kisumaku kuliko kwenye ncha za dunia.

Binadamu wa kwanza kuivuka walikuwa Borman, Lovell na Anders wa Apollo 8, Desemba 1968. Je, waliponaje? Jibu la kwanza ni mwendo: waliivuka kwa saa chache tu. La pili ni njia: wataalamu walichora mapito yaliyokwepa sehemu nene. Apollo 14 (1971), iliyopita karibu zaidi na kiini cha mikanda, ilipata kipimo kikubwa kuliko zote, wastani wa radi 1.14 kwenye ngozi. Apollo 11 ilipata 0.18 tu.

Jibu la tatu husahaulika mara nyingi, nalo ni bahati. Apollo 16 ilirudi Aprili 1972, na Apollo 17 iliondoka Desemba mwaka huohuo. Katikati yake, mwezi Agosti, jua lililipuka na kurusha dhoruba kali ya chembe. Mwanaanga ambaye angekutwa akitembea mwezini, na vazi lake tu likiwa kinga, angeweza kuugua vibaya.

Hapa kwetu mto Nyamwamba ulifurika tarehe 1 Mei 2013. Aliyeuvuka salama wiki moja kabla hana ushahidi kwamba mto hauna hatari. Ndivyo ilivyo kwa Apollo: kurudi salama hakuthibitishi kwamba hatari haikuwapo.

Lugha yetu nayo imo katika historia hii. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti iliyopewa jina Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, pwani ya Malindi, ili kuchunguza eksirei kutoka angani. Ilizunguka karibu na ikweta, chini ya mikanda ile, hivyo vyombo vyake havikusumbuliwa sana na chembe hizo.

Walimu wenzangu, tuwe waangalifu darasani. Neno "mionzi" hubeba mwanga wa jua la asubuhi, eksirei ya hospitali na chembe za angani pia. Baadhi ya kamusi hutupa "mnururisho" kwa maana ya kitaalamu. Mwanafunzi asiyetenganisha maana hizi ataogopa kisichodhuru, au atapuuza kinachoua.