Mkato Mmoja Katika Sheria

Waalimu wenzetu, mara nyingi tusahihishapo insha za watoto twaona orodha zimeandikwa pasipo mkato hata mmoja, au mikato imetiwa ovyo kama chumvi inyunyizwavyo chakulani. Tukiwauliza sababu, hujibu kwamba alama hiyo ni ndogo. Basi na tuwasimulie habari ya mkato mmoja wa Marekani.

Tarehe 6 Juni 1872 ilithibitishwa katika nchi ile sheria ya ushuru wa forodha. Ndani yake palikuwa na orodha ndefu ya vitu visivyotozwa ushuru viingiapo bandarini. Walioitunga walikusudia kutaja miche ya matunda ya nchi za joto, iletwayo ili ipandwe. Kwa Kiingereza neno "tunda" na neno "mche" huweza kuunganishwa kwa kistari, yakawa jina la kitu kimoja. Lakini katika sheria iliyopigwa chapa, mahali pa kistari pakawa na mkato. Kitu kimoja kikawa viwili: matunda, na miche.

Wafanya biashara walioleta matunda kutoka ng'ambo hawakukawia kuiona nafasi hiyo. Walidai kwamba matunda yao yamo katika orodha ya msamaha, na ushuru waliokwisha kulipa urudishwe. Mwaka 1874 ilibidi itungwe sheria nyingine ya kuondoa mkato ule na kutia kistari. Lakini fedha nyingi zilikuwa zimekwisha kuipotea Serikali.

Wala tusidhani kwamba hatari hiyo ni ya Kiingereza tu. Mtu akiandika, "Leta unga wa mtama, mahindi na mchele," mjumbe atasimama dukani asijue la kufanya: je, ni unga wa nafaka tatu, au unga wa namna moja na nafaka mbili? Hapa mkato peke yake hautoshi, yafaa kubadili mpango wa maneno: "Leta mahindi, mchele na unga wa mtama."

Basi tuwafundishe watoto kwanza kuvihesabu vitu, ndipo watie mikato. Kisha waisome orodha kama mgeni asiyejua walilokusudia. Kwani mwandishi hayupo pale barua yake isomwapo, wala hawezi kuulizwa.